Vichwa kambani! Midoli ya mtumba ilivyoniletea balozi mlangoni

Hivi karibuni nusura niwe habari ya ukurasa wa mbele badala ya kuandika huku ndani. Kisa chenyewe? Midoli. Ndiyo, midoli hii hii ya watoto. Usicheke kwanza, nisikilize.

Ilikuwa asubuhi na mapema kijijini Mbebe, wilayani Ileje, kwa bibi yangu mzaa mama. Nilikuwa nimekwenda kumsaidia kuvuna mahindi. Nikasikia hodi. Kutoka nje, macho bado yana usingizi, nakutana na balozi wetu, nyuma yake wazee wawili, na nyuma ya wazee mama jirani ambaye jioni yake alipita dirishani kwangu na ndoo ya maji. Nikawaamkia shikamoo, hakuna aliyeitikia. Balozi akakohoa, akauliza bila kuzunguka:

"Kijana, humo ndani una vichwa vya nani?"

Nikageuka kutazama chumba changu. Kwenye kamba niliyoifunga kutoka msumari wa dirisha hadi kwenye nguzo ya kitanda, vilikuwa vinaning'inia vichwa saba vya midoli. Vipara, havina macho, havina midomo. Nilikuwa nimevisugua sura usiku ule, nikavitundika vikauke. Hapo ndipo nilipoelewa. Hebu jiweke wewe. Unapita na ndoo yako, pazia linapeperuka kidogo, unaona vichwa saba kambani, na mwenye chumba ni kijana wa mjini ambaye tangu aje hazimi taa mpaka usiku wa manane. Ungewaza nini?

Mwisho wa kisa utaupata, usikimbilie chini. Ngoja kwanza nikuambie nilifikaje huko, na wewe ukitaka kuanza usipite nilipopita mimi.

Pengo la mpwa wangu

Yote haya aliyaanzisha mpwa wangu, mtoto wa dada, ambaye tunaishi naye Tunduma. Alikuwa na mdoli wake mmoja tu, umeogeshwa na kusuguliwa hadi sura ikafutika. Siku moja nikamkuta ameshika kalamu ya wino anauchorea macho mwenyewe, moja kubwa kama sahani, jingine dogo kama punje ya ulezi. Akaninyooshea. "Mjomba, mtengeneze. Halafu mtie pengo kama langu." Meno ya mbele yalikuwa yamemtoka wiki ile na wenzake shuleni walikuwa wanamtania.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, sina ajira ya kudumu, naandika hapa na pale. Muda ninao, fedha ndiyo sina. Nikajisemea, kupaka mdoli rangi kuna ugumu gani? Jamani, upo!

Wenzetu wanavyojiachia

Majuu kuna watu wazima kabisa, wengine na wajukuu, wanaokusanya midoli kama wengine wanavyokusanya stempu. Ulio juu ya yote ni ule wa viungo vya gololi. Shingoni, begani, kwenye kiwiko, nyonga na goti kuna umbo la mviringo kama tufe linalokaa ndani ya kikombe chake, mfano wa nyonga ya binadamu. Ndani mdoli ni mtupu, na lastiki imara inapita toka kichwani hadi miguuni ikivivuta vipande vyote vishikamane. Ndiyo maana unaweza kuukalisha, ukaukunja goti, ukaushikisha tama, nao ukatulia hivyo hivyo.

Ufundi huo si wa jana. Wafaransa na Wajerumani walikuwa wakitengeneza midoli ya viungo vya namna hiyo tangu karne ya 19. Msanii mmoja Mjerumani, Hans Bellmer, aliitumia katika kazi zake miaka ya 1930, zikazua maneno mengi. Lakini homa ya sasa ilianza mwaka 1999, kampuni ya Japani iitwayo Volks ilipotoa mdoli wake, Super Dollfie, wa rezini, aina ya plastiki ngumu na nzito inayomiminwa kwenye kalibu. Wakorea na Wachina wakafuata.

Utamu wake uko hapa: mdoli huo hauna sura ya kudumu. Macho yanachomoka, unaweka ya rangi uitakayo. Nywele ni wigi, unavalisha na kuvua. Na sura yenyewe unaipaka, ukiichoka unaifuta unapaka nyingine. Wapo mafundi huko wanaoishi kwa kupaka sura tu za midoli ya watu.

Sasa njoo kwenye bei. Mdoli mkubwa, wa kama sentimita 60, huenda kwa mamia ya dola za Marekani, na hapo hujanunua wigi wala nguo. Nilipopiga hesabu nikaona ni kodi ya chumba changu ya mwaka mzima, na chenji inabaki ya kununulia kitanda. Kapuku kama mimi nikafunga kitabu cha hesabu.

Dada aliyepoteza kazi

Kilichonifungua macho ni habari ya mama mmoja wa Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia. Anaitwa Sonia Singh. Alikuwa akifanya kazi kwenye taasisi ya utafiti wa sayansi ya nchi yao, kazi ikaisha. Badala ya kukaa kulia, akaanza kununua midoli iliyotumika, ile iliyopakwa wanja na rangi ya mdomo mpaka inaonekana inakwenda disko. Akaifuta sura yote, akaipaka upya sura ya mtoto wa kawaida anayecheza nje. Viatu akavitengeneza mwenyewe, na mama yake mzazi akafuma masweta. Mwaka 2015 picha zake zikaenea dunia nzima. Midoli hiyo ameiita Tree Change Dolls.

Umeona? Hakuanza na rezini ya Japani. Alianza na mitumba! Na kwa mitumba, sisi wa Tunduma nani wa kutuambia kitu? Tumekaa mlangoni: hapa Tanzania, pale Nakonde ya Zambia, malori usiku na mchana. Nikaanza kuzunguka kwa wauza nguo za watoto. Midoli huwa ipo, imetupwa chini ya meza pamoja na viatu visivyo na pea. Wauzaji wenyewe waliniona chizi. "Kaka, wewe una mtoto wa kike?" Nikawajibu ninaye wa dada. Washikaji zangu wa kijiweni hawakuniacha hivi hivi, wakanibatiza jina "Mama Doli". Nikanyamaza. Anayecheka leo kesho ataleta mdoli wa mtoto wake.

Ulichonacho kinatosha

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa hivi. Midoli mitatu, sh. 4,500. Chupa ya asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, sh. 2,000. Rangi za akriliki, seti ndogo ya stesheni, sh. 12,000. Brashi tatu, moja nyembamba kama unyoya, sh. 3,000. Pakiti ya rasta, sh. 1,500. Jumla sh. 23,000. Pamba, sabuni, sindano na vitambaa nilivikuta nyumbani. Bei hizo ni zangu mimi siku ile, wewe ukijua kuongea na wauzaji huenda ukanizidi.

Sasa fuata hatua kwa hatua.

Kwanza chagua mdoli. Bonyeza kichwa. Kikibonyea kidogo kama mpira, hicho ndicho chepesi kufanyia kazi. Kama unataka mdoli mweusi au wa maji ya kunde, tafuta uliotoka kiwandani na rangi hiyo. Usijidanganye kuupaka mwili mzima. Rangi itabanduka kwenye maungio siku ya kwanza ukikunja mkono.

Pili, ng'oa kichwa. Usivute kwa nguvu, utavunja shingo. Kitumbukize kwenye maji ya moto dakika chache kilainike, halafu kizungushe taratibu huku ukivuta. Kitatoka. Osha kwa sabuni, mafuta yote ya mikono yatoke, maana rangi haishiki penye mafuta.

Tatu, futa sura. Chovya pamba kwenye asetoni, futa haraka haraka, usiloweke. Hapa sikiliza vizuri: asetoni ni ya kichwa laini tu. Ikigusa plastiki ngumu ya mwilini inaiyeyusha, inabaki na ukungu. Rezini ndiyo kabisa, usiisogeze karibu. Na asetoni inashika moto kama petroli. Isifunguliwe karibu na jiko, mshumaa wala sigara, na usiifungulie kwenye chumba kilichofungwa, utaumwa kichwa. Mimi niliifanya kazi hiyo ndani, usiku, dirisha nusu. Ujinga mtupu.

Nne, chora. Tumia penseli ya rangi inayofutika kwa maji, siyo kalamu ya wino, maana wino unazama ndani ya mpira hautoki tena. Macho yaende pamoja. Usimalize la kulia halafu ndiyo uanze la kushoto, yatakuja kama ya mpwa wangu. Kila baada ya muda kitazame kichwa kwenye kioo, au kigeuze juu chini. Makosa ambayo jicho lako limeshayazoea yatajitokeza yenyewe.

Tano, paka. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, matabaka mengi membamba, kila moja likauke kabla ya jingine. Ukipaka nzito mara moja utapata mabonge. Anza na weupe wa jicho, kisha duara la kahawia, kisha mboni nyeusi. Kahawia unaipata kwa kuchanganya nyekundu, njano na bluu kidogo, inakuwa na uhai kuliko ukitia nyeusi. Midomo nayo isiwe nyekundu ya rangi ya kucha, changanya na ile kahawia yako. Mwisho kabisa, weka tone moja jeupe kwenye kila mboni, upande ule ule kwa macho yote mawili. Bila tone hilo mdoli umekufa. Ukiliweka unakutazama.

Sita, nywele. Zilizopo zikiwa zimesokotana, ziloweke kwenye maji ya moto, zichane kuanzia nchani. Zikiwa zimekwisha, fanya wigi. Funika kichwa na mfuko wa nailoni, juu yake vuta kipande cha soksi ya kike, kisha gundisha rasta mstari kwa mstari kuanzia kisogoni kwenda utosini. Gundi ikikauka unavua, unakata soksi iliyozidi. Unaweza hata kumpeleka kwa msusi akapigwa twende kilioni. Nguo omba vipande vya kitenge kwa fundi cherehani, huwa anavifagia.

Makosa yaliyonigharimu

Mdoli wa kwanza niliuharibu. Niliona rangi ya kucha ya dada iko mezani, nikasema ya nini kwenda mbali? Nikapaka midomo. Wiki ikapita, midomo bado inanata, imekusanya vumbi na manyoya ya kuku mpaka inaonekana imeota ndevu. Rangi ya kucha, rangi ya mafuta na rangi ya kupulizia ya magari si za mpira huu. Zinapigana nao, hazikauki sawasawa. Akriliki ya maji ndiyo rafiki.

Ukitaka kazi idumu, malizia na vanishi ya maji isiyong'aa. Mimi nilimwagiza dereva aliyekuwa anashuka Dar. Usipoipata si mwisho wa dunia, ila mwambie mtoto mdoli hauogi. Na mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni asipewe kabisa mdoli uliopakwa. Huyo mpe wa kitambaa.

Na kama siku moja utaula, ukapata wa rezini, kumbuka mambo mawili. Jua linaugeuza kuwa wa njano, na unga wake ukiusugua kwa msasa ni mbaya kwa mapafu. Sugua ukiwa umelowa maji, na uvae barakoa.

Turudi kwa balozi

Basi bwana, tumeacha watu wamesimama mlangoni Mbebe. Nikaanza kujieleza, maneno yakanitoka ovyo. Nasema asetoni, wazee wanatazamana. Nasema Japani, ndiyo nimeharibu kabisa. Mzee mmoja akatoa hukumu: vitu hivyo vichomwe moto, hapo hapo uwanjani, kabla jua halijapanda. Nami namuona mpwa wangu ananisubiri Tunduma na pengo lake.

Nisikufiche, niliogopa. Si kwa ajili ya midoli tena. Neno "mchawi" likishatamkwa juu ya mtu huwa halirudi mdomoni. Nalo halingenishika mimi peke yangu, kesho yake mimi ningepanda gari kurudi mjini. Lingebaki na bibi yangu, mjane, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Unajua mwenyewe akina bibi wa namna hiyo wanavyosemwa.

Bibi akatoka jikoni. Hakupandisha sauti. Akawaambia, "Karibuni mkae." Akachukua gunzi kutoka kwenye chungu la mahindi tuliyopukuchua jana yake, akalifunga kipande cha khanga kiunoni, akakifunga kingine kichwani kama kilemba. Akachukua mkaa, akaweka nukta mbili. Macho. Akampa yule mama jirani.

"Huyu umewahi kumbeba mgongoni au hujawahi?"

Mama jirani akakishika, akakigeuza, akaanza kucheka. "Nimembeba sana, mama." Hata wazee wakaguna. Maana nani kati yao hakuona dada zake wakibeba magunzi? Mimi baadaye nikakumbuka kwamba Wazaramo wa Pwani nao wana wa kwao wa mti, mwana hiti, hana mikono wala miguu, nywele zimechongwa mafungu mawili, na mwali alikuwa akipewa amtunze. Mdoli haukuja kwetu na marobota. Ulikuwepo.

"Basi huyu mjukuu wangu ndiyo kazi yake," bibi akasema. "Kosa lake ni kujifungia. Wewe, leta mkeka. Fanyia hapa, watu waone."

Nikaleta mkeka. Nikateremsha kichwa kimoja kutoka kambani, nikachanganya rangi, nikaanza mbele ya macho ya balozi. Mkono ulitetemeka mpaka nikafuta mara mbili. Watoto wakajaa. Hakuna aliyekwenda shamba saa ile. Weupe, kahawia, nyeusi. Nilipoweka yale matone mawili meupe, balozi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akasogea nyuma kidogo, kisha akacheka mwenyewe. "Sasa ananiona," akasema.

Walipoondoka shikamoo zangu zote zilikuwa zimeitikiwa. Na kesho yake asubuhi hodi nyingine. Ni balozi, peke yake safari hii, ameficha kitu ndani ya koti. Mdoli wa mjukuu wake, hauna jicho moja. Nilimtengenezea bure, akaniletea mayai kumi.

Nilichojifunza nakipa hivi. Fundi aliyejifungia ndani na asetoni anajiumiza mapafu, hazioni rangi vizuri kwa mwanga wa taa, na anawapa majirani kazi ya kukisia. Fundi aliyekaa uwanjani ana hewa, ana jua la asubuhi, na ana wateja. Haikugharimu hata senti.

Na yule mdoli wa pengo? Nilirudi nao Tunduma. Meno madogo meupe, katikati nafasi nyeusi. Mpwa wangu aliushika, akautazama kimya kwa muda mrefu, halafu akafungua mdomo wake wazi kabisa mbele ya kioo, akauweka mdoli shavuni kwake, akalinganisha. Jumatatu aliubeba kwenda shule.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na ukiniona kijiweni, tafadhali, jina langu si Mama Doli.